Matangi ya Gendabi

Gendabi, Hanang

Kaka Vitalis,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi Agripina na watoto hamjambo huko Babati. Sisi tunaendelea, kifua cha mama kimetulia, na maharage yameshatoa maua. Nimeona umenipigia simu mara nyingi. Sikupokea, kwa kuwa haya nimeona niyaandike.

Kazi iliyonirudisha nyumbani unaijua juujuu. Tunachunguza chembe zinazotoka mbali sana angani. Zikigonga hewa ya juu huvunjika, vipande navyo vikavunja vingine, hadi mamilioni yanatunyeshea bila kuonekana. Ndiyo maana tumeweka matangi ya maji mashambani, ndani giza tupu: chembe ikipita, maji hutoa mmweko wa mwanga na mashine huunasa. Hakuna zaidi.

Lakini tangu mvua zianze watu wamekuwa wakinitazama vibaya. Nikiingia dukani, mazungumzo yanakatika. Gaudensia, niliyesoma naye, aliniuliza kama ni kweli tunatafuta madini na watu watahamishwa. Kisha nyaya za tangi moja zikakatwa. Wenzangu walimshuku Bura, mfugaji jirani yetu, nami nikamshuku. Nilipomwendea alisema, "Binti, hizo mashine naziogopa kama wengine, ila sijazigusa. Kawaulize wanaonunua mashamba."

Sikujua kuna anayenunua. Nikaanza kumtilia shaka kila mtu, hata Evarist, kiongozi wetu wa utafiti. Akisogea pembeni na simu, nilitega sikio.

Ndipo nikamkuta Mectilda, yule mjane wa ng'ambo ya korongo, analia jikoni kwake. Alikuwa amekubali kuuza shamba kwa bei ya kutupa, kabla halijachukuliwa bure. Hermani, dalali wa mnunuzi, alimwambia tajiri mwenyewe atampigia jioni ile. Nikabaki naye. Simu ilipoita aliweka sauti ya juu, maana masikio yake ni mazito.

Kaka, ilikuwa sauti yako. Ulijiita mfanyabiashara wa Arusha. Ulimwambia auze haraka, kwamba Natalia mwenyewe, msichana wa mashine, amekueleza kwa siri kuwa chini kuna madini. Halafu ukacheka kile kicheko chako. Simu ilipokatika nilikwenda moja kwa moja kumtafuta Hermani.

Nilipombana Hermani alikiri kwamba nyaya alizikata yeye, kwa agizo lako, ili ionekane ugomvi umeshaanza na hofu ikolee.

Jumamosi, kwenye mkutano wa kijiji, nilisimama nikataja jina lako. Sikukuarifu kwanza kwa sababu ungenibembeleza, nami ningekubali. Mama alikuwepo. Aliinuka akaenda kukaa karibu na Mectilda. Shamba halijauzwa. Bura nimemwomba radhi, akanipa mkono, ingawa matangi bado anayapita kwa mbali.

Msalimie wifi na uwabusu watoto. Sidhani wifi anajua, na si mimi nitakayemwambia. Nilimuuliza mama kama ana salamu za kukutumia. Amesema uje uzichukue mwenyewe, nyumbani kwa Mectilda.

Mdogo wako,
Natalia