Miaka Aliyoipunguza Shangazi

Baba mpendwa,

Huku hatujambo, ila mimi situlii. Paka amezaa ndani ya kapu la vitambaa na Shangazi hataki asumbuliwe.

Wiki iliyopita nilimsindikiza Shangazi akapimwe kikohozi. Unapuliza bomba kwa nguvu, kisha mashine inalinganisha pumzi yako na ya watu wenye afya wa umri wako. Muuguzi alipouliza miaka, mchumba wa Shangazi, yule fundi saa, alikuwa ameketi ubavuni. Shangazi akajibu bila kupepesa macho, "Arobaini na minane." Baba, dada yako ana sitini na mmoja! Mashine ikampima kwa umri huo wa uongo, ikaona pumzi yake haifikii ya wenye miaka hiyo, na daktari akasema ana ugonjwa sugu wa mapafu. Amepewa dawa ya kuvuta na kuambiwa aache kushona, vumbi la vitambaa litammaliza.

Nilimbana jikoni. "Shangazi, rudi ukaseme ukweli. Huenda mapafu yako ni mazima."

"Wee mtoto, koma! Cherehani nitanunua nyingine. Mume nitamnunua duka gani?"

Mnunuzi wa cherehani anakuja Jumamosi. Jana nilimkuta Shangazi akiikanyaga bila uzi wala kitambaa.

Ameniapisha nisimwambie daktari wala mchumba. Wewe hukuapishwa. Njoo na mvi zako zote, Baba. Usimweleze mtu chochote. Mchumba akiwapo sebuleni, ingia umwamkie dada yako shikamoo, kama ulivyomwamkia maisha yako yote.

Ni mimi binti yako, ninayekungoja mlangoni.