Kitufe Kisichouliza

Hamisi,

Fundi Rehema amesema leo asubuhi kwamba diski ya kompyuta yako haifunguki. Aliikagua jana nyumbani kwako, na hayo ameyasema dukani kwake hapa Chikongola, mikono ikiwa juu ya kaunta. Nilimuuliza kama anamaanisha haifunguki kwake au haifunguki kwa mtu yeyote. Akajibu, "Kwa yeyote, kaka. Bila neno la siri, hicho ni chuma tu." Nikamwomba arudie, kwa mazoea ya kazi yetu. Akarudia vilevile.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo jipya. Mengine unayajua, au ungeyajua. Mama yako amehamia kwako kutoka Ziwani, mikorosho amewaachia wajomba. Mkeo Zainabu yuko edani. Nikienda kumjulia hali nakaa kibarazani, yeye yuko ndani nyuma ya pazia, na mama yako ndiye anayepeleka maneno na kuyarudisha. Maneno mengine hafikishi, nasikia anavyoyapunguza. Mwanaidi anatimiza miaka mitatu na bado anawaambia watu kwamba baba yuko hospitali.

Redioni kiti chako amekalia mwingine. Ni kijana mzuri, anafika mapema. Hajui kusikiliza.

Nataka kukueleza jinsi ilivyotokea, kwa mpangilio, kwa sababu najua ungeuliza.

Ulipoanza kuumwa figo ulijifungia chumbani na maikrofoni yako na ukawa unamrekodia Mwanaidi. Hukumwambia mtu ila mimi. Ulisema, "Mpare, mtoto wa miaka miwili hakumbuki mtu. Nimeuliza." Ulimwambia mambo ya kawaida tu, vitu ambavyo baba angemwambia mtoto kidogo kidogo kwa miaka mingi. Ulinisikilizisha rekodi moja, ili nipime kama sauti imekaa sawa. Ulikuwa unamweleza namna ya kuokota korosho kwa bibi yake, kwamba bibo lililoanguka lenyewe ndilo la kuokota, lililo mtini liachwe. Katikati ukakohoa. Ukasema, "Hicho kikohozi nitakikata." Hukukikata.

Siku uliyopelekwa hospitali uliniambia nisiwe na wasiwasi, kompyuta umeiacha wazi. Ulikuwa umeitengeneza makusudi. Zainabu anaogopa kompyuta, na neno la siri hakulijua. Kwa hiyo uliingia kwenye mipangilio ya ule mfumo wako wa Linux, ukaondoa kufunga skrini, ukaondoa kusinzia, ukahakikisha haimtoi mtu nje hata isipoguswa. Faili ziko usoni mwa skrini, pale mtu anapoona kwanza. Ile betri ya gari na inveta ulivyonunua mwaka jana vingeishikilia umeme ukikatika. "Mwambie asiguse kitu. Nikirudi namalizia, halafu namwekea kwenye simu yake." Nilikuuliza neno la siri. Ulisema, "Nikirudi."

Diski yenyewe ulikuwa umeifunga tangu mwanzo, ikizimika haifunguki tena bila neno la siri, kwa ajili ya watu wetu. Wale tuliowarekodi kule mdomoni mwa Ruvuma, waliokubali kusema kwa sharti la kutotajwa. Ulisema mwandishi anaweza kuahidi kwa mdomo, ila fundi anaahidi kwa kufuli. Nilikusifu kwa hilo, na bado naona ulikuwa sahihi. Ndiyo maana sina pa kupeleka hasira.

Kilichobaki ni kitufe.

Kabla hujanunua ile betri ya gari, umeme ulikuwa ukikatika kompyuta, kwa betri yake iliyochoka, inabaki na dakika chache tu za kuzima salama. Siku moja Zainabu alibonyeza kitufe cha kuwashia, kikatokea kile kisanduku kinachouliza: uzime, uwashe upya, au utoke tu? Akaja mbio kukuita uani, ukachelewa, ikazimika vibaya. Basi ukaingia tena kwenye mipangilio, pale panapoandikwa kitufe kikibonyezwa ifanye nini, ukaondoa "uliza" ukaweka "zima". Ulikuwa unamrahisishia mkeo. Betri ilipokuja, lile swali hukulirudisha. Mimi sikujua. Rehema ndiye aliyeyakuta mabadiliko hayo kwenye ile kompyuta yako ya zamani, uliyokuwa umeipanga vilevile, tukaelewa.

Siku ya tatu ya matanga yako alikuja mtani wenu, Mzee Kalembo. Unamjua alivyo. Alianzia mlangoni. "Mmakonde gani huyu anafungua biashara ya kulala bila kuaga watani? Nani kakupa likizo?" Wanawake walikuwa wamelia tangu alfajiri, wakaanza kucheka kwa shida, wengine huku kanga ziko machoni. Akadai apewe kuku, akadai apewe viatu vyako. Mama yako akamwambia, "Chukua na madeni yake basi." Mzee akasema madeni ya Mmakonde hayabebeki hata kwa lori.

Halafu akaingia chumbani kwako. Akavaa miwani yako, akavaa vile visikilizio vyako vikubwa, akakaa kwenye kiti chako. Akakuigiza, Hamisi. Akakuigiza vizuri. Aliinua kidole vile unavyoinua, akatukemea kwa sauti yako ya puani, "Kimya! Narekodi kimya!" Chumba kizima kikaangua kicheko. Hata mimi.

Maana tulikumbuka wote. Mimi nilikumbuka kule kwenye mikoko, matope hadi magotini, mazungumzo yamekwisha na mama wa watu anataka kurudi nyumbani kupika, na wewe unatusimamisha sote tunyamaze ili upate sauti ya mahali penyewe. Mbu wananila. "Usipumue, Mpare, unapumua kama pampu." Nilidhani ni wazimu. Mpaka niliposikia kipindi kimekamilika nikaelewa kwamba chini ya kila neno la yule mama kulikuwa na ule ukimya wako, ukiyabeba.

Mzee Kalembo akasema, "Haya, kazi imekwisha, mwenye kazi amelala, na mtambo ulale." Akabonyeza kitufe.

Mimi nilikuwa mlangoni na nilikiona kidole. Sikushtuka, kwa sababu nilijua kitufe kitauliza. Siku zote kilikuwa kinauliza. Nikasubiri kisanduku kitokee, niende nikakifute taratibu bila kumharibia mzee utani wake. Skrini ikawa nyeusi.

Ungeniuliza kwa nini sikuwa nimenakili zile faili mapema. Watu hawajaondoka, mkeka wa matanga haujakunjwa, mgeni haingii chumbani kwa marehemu kufungua vitu vyake. Hata ndugu zako wasingefanya. Ni mtani peke yake mwenye ruhusa hiyo, na yeye ndiye aliyeingia.

Na mtani halaumiwi. Nilimwambia mama yako kilichotokea, akasema, "Asiambiwe." Zainabu naye akasema hivyo kutoka nyuma ya pazia, na hilo halikuhitaji kupelekwa, nililisikia mwenyewe. Basi hajui. Nikikutana naye sokoni ananipigia kelele, "Mpare, umeshakula au bado unahesabu?" Nacheka. Namnunulia kahawa. Nikirudi ofisini siwezi kuandika mstari.

Nimebadilisha mipangilio ya kompyuta yangu. Iulize kabla ya kuzima, iulize kabla ya kutoka, ihifadhi kila kilichokuwa wazi. Ilinichukua muda mfupi mno. Nilikaa nikikitazama kile kisanduku cha kutia alama, kidogo kuliko punje ya mchele.

Maneno tumeyajaribu. Jina la Mwanaidi, jina la mama yako, Ziwani, majina ya vipindi vyetu, matusi uliyoyapenda. Nilidhani nakufahamu. Kazi yangu ni kujua watu wanafikiri nini, na nimekaa mezani na wewe miaka yote hii, na sijui neno ulilokuwa ukiliandika kila asubuhi mbele yangu.

Rehema alitaka kuitoa ile diski tuitunze, aweke nyingine. Anasema huenda siku moja kukapatikana njia, ingawa yeye haamini. Nilimpelekea Zainabu habari hiyo kama nilivyoipokea, bila kuongeza. Jibu lilichelewa. Mama yako alipotoka alikuwa amebadilika uso. Zainabu, yule anayeogopa kompyuta, amekuwa akiiwasha kila jioni Mwanaidi akishalala na kujaribu maneno. Ametuma nimwambie Rehema aifute yote. "Ikikaa, nitajaribu mpaka nizeeke. Nina mtoto wa kulea."

Sikubishana naye. Nilitaka kubishana.

Sina la kukufariji nalo na sitalitunga. Sauti yako haipo. Redioni zimebaki za kila mtu uliyemrekodi, za wavuvi, za mashehe, za madiwani, na hakuna hata moja yako, kwa kuwa wewe ulikuwa upande ule mwingine wa maikrofoni. Ninachoweza kukuahidi ni hiki. Mwanaidi akifikia umri wa kuuliza, nitamwambia nilichosikia kwenye ile rekodi moja, korosho, bibo na kikohozi, kama ulivyosema. Zile nyingine nitamwambia zilikuwepo na kwamba sijui zilisema nini. Akiniomba nibahatishe, sitabahatisha. Najua hiyo ni ahadi ndogo kwa mtoto. Ndiyo niliyo nayo.

Pumzika, ndugu yangu. Mimi sijui kupumzika tangu uondoke.

Kompyuta nitaibeba mwenyewe. Jumamosi, saa tatu asubuhi, Rehema anaifuta.