Popo Waliobaki Pangoni

Mjukuu wangu Kulwa, mume wangu wa mbali,

Hapa Mwamkulu mpunga umechanua na mama yako anakusalimu. Mimi nguvu zinaniaga polepole, ila kalamu bado naishika.

Umeniuliza kwa nini nawagombeza wanaowasha moto kwenye pango la popo. Baba yangu alikuwa mfuga nyuki. Mwaka mmoja masega yaliliwa na funza, na warina asali wakasema popo ndio wanaoroga mizinga. Wakawasha moto mlangoni mwa pango wawafukize. Mimi nilikuwa likizo kutoka sekondari. Nikaokota kinyesi cha popo, nikakipasua kwa mwiba mbele yao. Kilijaa mabawa ya nondo, wale wale wanaotaga mayai yanayogeuka funza kwenye masega.

Mzee mmoja akamgeukia baba akicheka. "Kumbe shule inamfundisha binti yako kuchambua mavi!"

"Basi inamfundisha vizuri," baba akajibu, akaumwagia moto maji yetu yote ya kunywa.

Juzi watafiti waliokuja pangoni walisema popo wale ni adimu sana. Wanachotuomba ni kidogo: tusiwafukize, tusikate miti ya pale mlangoni, tusiingie wakiwa na vichanga.

Nakuungamia kabla sijafa: najivunia siku ile kuliko cheti changu cha ualimu. Ukija, nenda pale jioni, simama kando, nyamaza. Wakimiminika juu ya kichwa chako, wasalimie. Kuanzia sasa mwenyeji wao ni wewe.

Bibi yako