Herufi Uliyoipenda Kuliko Zote

Mpendwa Baba Wakesho,

Leo nimepita karibu na kiwanda cha kupiga chapa cha misheni, pale ulipokuwa ukipanga herufi, nikasikia mashine ikigonga, nikakukumbuka hadi nikaketi kando ya njia na kikapu changu cha maharagwe. Huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike, na bado nagombana nawe kichwani.

Unakumbuka ulivyoisifu ile herufi? Ulikuja nayo nyumbani mfukoni, kipande cha madini ya risasi cha kuchapia, A kubwa, ukanionyesha: mguu mmoja mnene, mwingine mwembamba kama unywele, na chini viatu bapa. "Mama Wakesho, hii imevaa suti," ukasema. Nikakuambia ungeioa hiyo basi. Ulicheka. Lakini ni kweli, kadi za harusi za watu wa Voi ulizipanga kwa herufi za mtindo huo, na matangazo ya maduka pia, na kwenye karatasi nzuri ilipendeza.

Kisha misheni wakakupa upange kitabu cha sala cha wanafunzi wa ubatizo. Nawe kwa mapenzi yako ukakipanga chote kwa herufi za mtindo huo huo, ndogo ndogo, kwenye karatasi ya bei rahisi.

Mama yako alikuwa katika darasa hilo. Kwetu wakati ule mtu hakubatizwa mpaka asome mbele ya wazee wa kanisa, na yeye alitaka sana abatizwe kabla macho hayajazimika. Nilimkuta mlangoni, ule ukurasa wa majaribio uliomletea ameusogeza puani, machozi yakimtoka. Alidhani ni ujinga wake. Ulipoingia akakuambia, "Nguzo naziona, lakini fito hazipo. Nyumba gani hii, mwanangu?"

Uliutoa ukurasa juani ukautazama mpaka uji wako ukapoa. Ile mistari myembamba ilikuwa imekatikakatika, mingine haikushika karatasini kabisa. Kesho yake ukazivunja kurasa zote ulizokwisha kupanga, ukaanza upya kwa ile herufi nyingine, yenye miguu yote minene, uliyokuwa ukiidharau, eti ya shambani. Msimamizi alikufokea mbele ya wenzako. Mimi niliogopa utafukuzwa.

Siku ya kusoma ulisimama nyuma ya kanisa, kofia mkononi. Mama alisoma polepole, kidole kikitangulia, hadi amina. Mzee mmoja akamwuliza kama kuna aliyemkaririsha.

"Nani? Si zinaonekana!" akasema.

Kadi zile zilikuletea sifa nyingi, lakini hukuwahi kunitazama kama ulivyonitazama saa ile. Nilikupenda siku hiyo kuliko siku ya harusi yetu. Sikukuambia, kwa kuwa tulikuwa kanisani, na baadaye kulikuwa na wageni wa kupakulia chakula.

Mama sasa haoni kabisa. Jioni huweka kitabu pajani na kusali kwa sauti, sala baada ya sala, na akifika mwisho wa ukurasa huniambia, "Fungua unaofuata."

Nami namfungulia.

Pumzika, wewe mwenye vidole vya wino.

Mkeo,
Mama Wakesho