Nilimuuliza Baba wa Bwana Harusi Rangi ya Choo Chake

Mpendwa mshauri, Shangazi Dilara, naomba msaada wako kabla sijarudishwa kwa mama yangu, mimi ni muuguzi hapa Bogura na ninawafundisha wanafunzi wa uuguzi dawa za magonjwa ya tumbo, kazi ninayoijua hata nikiwa usingizini, na kumbe ndiyo balaa yenyewe, maana ulimi wangu umezoea wodini na sasa umevuruga ndoa ya wifi yangu Tuhina.

Nianze na nyumba. Kwetu kuna ugonjwa mmoja tu duniani, nao ni gastrik, yaani asidi ya kuchoma tumbo. Kichwa kikiuma ni gastrik, mtoto akifeli hesabu ni gastrik, na kuku wa mama mkwe alipogoma kutaga alilishwa robo ya kidonge cha gastrik, akataga, na tangu siku ile mimi na vitabu vyangu hatuna la kusema. Mama mkwe anaviweka vidonge hivyo ndani ya kijaluba cha tambuu, na mgeni akimaliza kula anapewa jani, chokaa, popoo na kidonge kimoja. Nimemwambia mara nyingi kwamba dawa ile inamezwa kabla ya chakula, si baada, naye hunijibu, "Mkwe wangu, tumbo halina saa."

Basi wakaja watu wa upande wa mwanaume kukamilisha posa, na baba wa kijana, mzee Ekramul mwenye ghala la viazi, akakaa mbele yangu. Nikamwona kabla hajagusa chakula anameza vidonge viwili vya kutuliza maumivu ya goti kwa maji matupu, halafu mama mkwe akampa na kile cha gastrik, akakipokea kama sadaka, akasema, "Tumbo linanichoma mwezi wa pili sasa, gastrik imenikamata." Viganja vyake vilikuwa vyeupe, Shangazi, na aliposimama kunawa alishika ukuta. Mimi darasani ninawaimbisha wanafunzi kila asubuhi, "Dawa ya goti na tumbo linalochoma, uliza rangi ya choo," wanaimba mpaka mlinzi getini ameukariri. Basi nikiwa nimeshika kijiko, mbele ya watu wote na mtungi wa maziwa mgando, nikasikia sauti yangu inasema, "Baba, choo chako siku hizi kina rangi gani?"

Mama mkwe, Mungu ampe kheri, akarukia kuokoa jahazi, akasema, "Anauliza choo cha nyumbani kwenu, jamani. Binti yetu anakuja kuishi huko, si lazima tujue?"

Mama wa kijana akajibu kwa ubaridi, "Choo chetu cheupe, kina vigae mpaka darini. Binti yenu hajawahi kuona choo kama kile."

Hapo ningenyamaza, mambo yangekwisha. Lakini nikasema, "Si hicho mama, nauliza kile anachokiacha mle ndani."

Mzee akaondoka bila kuonja maziwa, na kwetu hilo ni tusi lisilofutika. Sasa wametuma mshenga, wanasema ndoa itaendelea iwapo tu nitakwenda kuomba radhi na kutamka mbele ya ukoo kwamba niliuliza habari za jengo, na kwamba mzee ana gastrik tu. Tena mama wa kijana ameudhika kwa kuwa vigae vyake vyeupe havikutushangaza, nasikia amekipaka choo chote rangi ya waridi. Mume wangu ananiambia, "Sema tu, kuna ubaya gani? Kwani ulimi una mfupa?" Tuhina halii mbele yangu, anasubiri nipite ndipo alie kwa sauti. Lakini nikitamka neno hilo, mimi ambaye wote wananiita daktari wa tumbo, yule mzee ataendelea kumeza dawa ya goti juu ya kidonda, na kile kidonge cha gastrik kitamfunikia maumivu tu. Nikikataa, wifi yangu anabaki nyumbani. Nifanye nini?
Mwalimu wa Matumbo, Bogura

SHANGAZI DILARA ANAJIBU:

Mwanangu, kwanza nikukemee ndipo nikubembeleze. Una elimu ya kuilisha wodi nzima, lakini hukujua kumvuta mzee pembeni pale alipokwenda kunawa mikono? Alikuwa ameshika ukuta, ungemshika mkono, ungemuuliza sikioni, ungejibiwa. Swali la haki likiulizwa juu ya chakula linanuka. Na mama mkwe wako alikufungulia mlango wa kutokea, wewe ukaufunga na komeo ukatia.

Ila hilo neno la uongo usilitamke. Nenda na mtungi mpya wa maziwa mgando, mkubwa kuliko ule wa kwanza, mama mkwe atangulie mbele. Omba radhi kwa mahali na kwa watu waliokuwepo, upige na magoti ukitaka, lakini swali lenyewe usiliombee radhi. Sifu ile rangi ya waridi, usiwe bahili. Halafu umuulize mzee faraghani kama anameza vidonge vya kuongeza damu, maana navyo hutia choo weusi kama damu ya kidonda, wewe unajua kuliko mimi. Kama choo ni cheusi na vidonge hivyo havimezi, posa iwekwe kando siku hiyo, mzee apelekwe hospitali. Na kijaluba cha mama mkwe wako kibaki na tambuu peke yake. Kuku yule angetaga tu.

Hayo ndiyo ningeyaandika na kuishia hapo. Lakini leo asubuhi, barua yako ikiwa mezani kwangu, simu ya ofisi imelia. Mwanaume, sauti ya mtu mzima, hakutaja jina. Akaniambia, "Shangazi, mtu akiulizwa jambo mbele za watu akakasirika, akaondoka, halafu akaenda kuangalia, akakuta aliyeuliza ana haki, atalijibuje bila kuaibika?"

Nikamuuliza ni jambo gani hilo. Akakohoa kwa muda mrefu. Akasema, "Mke wangu amekipaka rangi ya waridi. Lakini mimi nakiona cheusi. Cheusi kama lami, na kinanata." Nikamwambia akimbie hospitali, akajibu, "Nikienda sasa hivi, watasema yule binti amenishinda." Akakata simu.

Kwa hiyo mwanangu, usingoje kusoma ukurasa huu, nimeshatuma mtu wa gazeti aje kwako mbio. Mwache mshenga, mwache mtungi, nenda sasa.

Na wewe bwana wa viazi, kama hawajakufikia, najua unasoma hapa, uliniambia huuficha ukurasa wangu ndani ya ule wa kriketi. Hiyo si gastrik, hiyo ni damu yako. Acha dawa ya goti, nyanyuka, nenda hospitali leo, mwambie mwanao akushike mkono. Ukifika watakuuliza swali lile lile, tena atakayeuliza ni mwanafunzi wa huyo huyo binti. Safari hii jibu.