Folda Ilikuwepo

Izia, Sumbawanga
18 Juni 2006

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakusalimu mimi mkweo, pamoja na mjukuu wako Faith, ambaye ameota meno mapya ya mbele na sasa anajiona mtu mzima. Magoti yanaendeleaje? Yanakuacha ulale? Hapa kwetu baridi ni kali, asubuhi tunashikilia vikombe vya uji wa ulezi muda mrefu kabla ya kunywa. Sijui huko Mwazye mmekwisha kuvuna au mahindi bado yako shambani. Wifi yangu Jenifer, najua ni wewe unayemsomea Mama barua hii. Salamu nawe. Nakuomba usome taratibu, na ukifika mahali pazito usiruke.

Mama, sisi tu wazima, lakini uzima wetu una maelezo. Ningepiga simu, ila simu ya jirani yenu husikilizwa na watu wengi, na mambo haya nataka uyasikie ndani ya nyumba yako.

Unakumbuka ulipokuja Pasaka ulizikuta kompyuta mbili. Moja iko sebuleni, hiyo ndiyo ninayochapia mimi. Ya pili iko chumba cha mbele kinachotazama barabara, pamoja na printa. Hapo ndipo mwanao Zenon anapopokea wateja na kupanga kadi za harusi na ratiba za misa. Waya unapita kwenye tundu la ukuta na kuziunganisha. Kwenye kompyuta yangu kuna folda, yaani mfano wa kabati la kuwekea kazi, ambayo tumeifungua ili na yeye aione akiwa kule kwake. Mimi nachapa, naweka humo. Yeye anachukua, anapamba, anatoa kwenye karatasi. Kwa miezi mingi tulifanya kazi hivyo bila hata kuitana.

Baada ya wewe kuondoka, umeme ulikatika siku moja ukarudi kwa kishindo, na tangu hapo kompyuta zikaacha kuonana. Zenon alichomoa waya akachomeka tena, akazima, akawasha, wapi. Tukamwita Oswaldi, fundi wa mjini. Akatuambia kila kompyuta imejiandikisha kundi lake, kama waumini wa jumuiya mbili wanaotafutana kwenye nyumba tofauti. Akaziweka kundi moja, akalegeza na ule ulinzi wa ndani unaozuia mgeni kuingia, folda ikaonekana. Tukamshukuru, akaenda zake.

Kesho yake Zenon akaniita kutoka chumba cha mbele. Akasema folda haipo. Nikaenda, nikakaa kwenye kiti chake, nikaiona, nikaifungua. Mchana akaita tena, haipo. Nikaenda, ipo. Mama, tulikwenda hivyo hadi nikahisi nina wazimu. Nilibadilisha neno la siri, nikaliondoa kabisa. Nikaipa folda jina kwa herufi kubwa. Siku nyingine aliiona mwenyewe bila shida, tukacheka, tukajua imepona. Kisha anafungua ndani, anasema faili nililoweka asubuhi halimo. Nikienda mimi, limo. Oswaldi alirudi, akapima kila kitu, akasema mashine ni nzima. Akatania kwamba labda kompyuta imezoea mkono wa mama. Zenon hakucheka.

Ndipo likaja la kadi za Mama Kristiana. Yeye ni jirani yetu, alikuwa anamwoza binti yake. Kadi za kwanza nilizichapa kwa tarehe waliyotupa, baadaye paroko akaisogeza harusi mbele kwa juma moja, nikachapa upya na kuiweka kwenye folda kwa jina la KADI MPYA. Nikamwambia Zenon. Akaitikia, akatoa kadi zote, watu wakaanza kugawa. Jioni Mama Kristiana akarudi nazo ndani ya kikapu. Zilikuwa na tarehe ya zamani. Alisema maneno pale mlangoni ambayo sitayaandika, na sikumlaumu, maana wageni wao wa Mpanda walikwisha kupelekewa.

Zenon akamjibu mbele yangu kuwa mke wake hakuiweka kadi mpya. Nikaingia chumba cha mbele, nikafungua folda, KADI MPYA ile pale, chini pembeni. Nikafikiri sasa ataomba radhi. Badala yake akaniambia, "Umeiweka sasa hivi." Mama, mimi nilikuwa nimesimama naye mlangoni muda wote. Ningeiweka saa ngapi?

Tangu siku ile aliamini ninamfanyia mchezo ili aonekane mjinga mbele ya wateja. Mimi nami nikaamini yangu. Maana hata nje ya kompyuta alikuwa amebadilika. Mzee Leonsi, yule wa nyumba ya pili, alilalamika kuwa anamsalimu Zenon njiani naye anapita kama hajasikia, basi siku hizi ana majivuno. Chai alikuwa anaimimina kando ya kikombe, nikimwambia anasema nimekisogeza. Faith alikaa chini karibu na mlango, baba yake akamkanyaga mkono. Nikajiambia huyu mwanaume amenichoka, moyo wake uko kwingine, na hizi zote ni sababu za kunifukuza. Nilikwisha kukunja nguo za mtoto ili niende kwetu. Sikujua nashindana na nani.

Asubuhi niliyopanga kuondoka, nilimpelekea chai chumba cha mbele. Sikutaka kuondoka bila kumpa chai. Akaniambia kwa upole, upole wa mtu aliyechoka, kwamba faili la kwaya halimo. Nikaweka kikombe. Nikasimama ubavuni mwake, nikaweka kidole juu ya kioo, palepale lilipokuwa.

"Hili hapa," nikasema. "Fuata kidole changu."

Akatazama kioo kwa muda. Kisha akaniuliza, "Kidole gani?"

Nilidhani ananidhihaki. Nikamtazama usoni. Macho yake yalikuwa wazi, yametulia katikati ya kioo, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeuliza kweli. Nikakiburuta kidole polepole kuelekea katikati. Kilipokaribia, akashtuka, kama kimetokea ukutani. Nikakirudisha pembeni. Akasema kimepotea. Tukarudia upande wa pili. Tukarudia kwa mkono mzima. Mwisho alinishika mkono, akaushikilia.

Nguo za Faith nilizirudisha sandukuni.

Tulimpata daktari wa macho hospitalini. Akampima, akasema ni presha ya macho. Ugonjwa huu hauumi wala hauwashi. Unaanza kula pembezoni, unakuja taratibu kuelekea katikati, na mwenyewe hajui, kwa sababu akilitazama jambo moja kwa moja analiona sawasawa. Folda ikikaa katikati aliiona, ikikaa pembeni haikuwepo kwake. Hakunidanganya hata mara moja, wala mimi sikumdanganya. Kilichokwisha kuliwa hakirudi, daktari hakutuficha. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni, bila kuacha, maisha yake yote. Ameanza. Kazi bado anaifanya. Mafaili yote sasa nayaweka katikati ya kioo, naye anageuza kichwa kama jogoo anayetafuta punje, mpaka mwenyewe anajicheka.

Lakini, Mama, kuna jambo moja ambalo ndilo limenifanya nishike kalamu. Daktari alimwuliza kama kuna mtu wa ukoo aliyepofuka. Zenon akasema hakuna. Akauliza tena: je, kuna aliyekuwa akijikwaa ovyo, hasa jua likizama? Zenon akafunika uso kwa mikono. Akainama pale kwenye kiti, akalia mbele ya daktari na wagonjwa.

Alikuwa amemkumbuka Baba, marehemu Mzee Eustaki. Aliyekuwa akipiga teke vyungu jioni. Aliyewapita watu bila kuwasalimu. Aliyetumbukia kwenye shimo la matofali akitoka shambani, na msibani wakasema pombe imemaliza mtu. Mama, uliponiuguza uzazi wa Faith uliniambia kwamba miaka yote Baba aliapa hanywi, nawe ulimnusa mdomo akilala na hukupata harufu, ukadhani anatafuna majani ya mpera ili kuificha.

Daktari hawezi kumpima aliyelala. Alichosema ni kwamba ugonjwa huu hutembea katika damu, na kwamba dalili hizo ni zenyewe. Zenon yeye hana shaka. Ameniambia niandike hivi, na naandika kama alivyosema: Baba hakuwa mlevi. Baba alikuwa haoni.

Nisamehe kama nimelifungua jeraha lako. Nilijiuliza kama nikuache na maumivu uliyoyazoea. Nikaona hapana, mume ni wako, na jina lake ni haki yako.

Kwa hiyo naomba shemeji yangu Nestory apimwe, ingawa ataniambia anaona hadi Zambia. Na wewe Jenifer unayesoma hapa, uje pia, usingoje kuona dalili. Mtalala kwetu.

Wasalimie majirani na wanajumuiya wote, na Mungu akufariji usiku huu wa kuisikia barua hii. Zenon atakuja Jumamosi kwa basi. Anasema anataka kukaa na wewe, kisha mwende pamoja makaburini. Tafadhali mwambie Nestory amngoje barabarani jua likiwa bado juu, amshike mkono pale njia inapoteremka, na asimwache atembee peke yake.

Ni mimi mkweo akupendaye,
Albina