Mfuko Niliomficha Mama Mkwe

Jumanne, asubuhi. Kijenge yote imejaa ukungu, mlima hauonekani, na mimi sina hamu hata ya kuutafuta. Naandika nimelalia ubavu wa kushoto kwa sababu wa kulia una mrija.

Nimechoka. Nimechoka jamani, acheni niseme.

Wiki iliyopita walinitoboa tundu dogo mgongoni, wakalivunja jiwe la kwenye figo na kulitoa vipande vipande. Jamaa wa mtaa wa Daraja Mbili aliyelala kitanda cha jirani alifanyiwa vilevile, akaenda zake nyumbani bila mrija wowote, anacheka. Mimi nikaachiwa huu, unatoka kwenye figo hadi kwenye mfuko wa plastiki wa mkojo, huku nje. Daktari alinieleza: jiwe la mwenzangu lilikuwa dogo, langu lilikuwa na matawi kama tangawizi. Tena figo yangu ya kushoto ilishakufa zamani. Nimebaki na hii moja. Ikigoma, basi tena.

Sharti lilikuwa rahisi: mfuko uning'inie chini ya kiuno, mrija usijikunje.

Sasa Jumapili, nikiwa nimesharudi nyumbani, si akaja mama mkwe kutoka Kikatiti, na kindoo cha loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando, ili nipate nguvu! Kwetu mkwe ni mkwe. Hata kula mbele yake sijazoea, sembuse kumwonyesha mkojo wangu, tena mwekundu. Niliposikia sauti yake mlangoni niliunyakua mfuko, nikaupandisha kitandani, nikaufunika blanketi, nikalala chali juu ya mrija.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Unaendeleaje?"

"Vizuri kabisa."

Vizuri kabisa! Mjinga mimi. Alisali sala ndefu, akanywa chai, akasali tena. Ubavu ulikuwa unajaa kwa ndani, jasho linanitoka, na mimi natabasamu tu. Alipoondoka nilikuwa natetemeka kitanda kizima. Mke wangu Nai alipofunua blanketi, mfuko ulikuwa haujaongezeka hata kidogo.

Jana hospitalini daktari hakunifokea, na hilo ndilo lililonitisha. Walizibua mrija, wakanichoma sindano, wakasema tuangalie kama figo itaendelea kutoa mkojo. Isipotoa je? Sikuthubutu kuuliza.

Leo homa bado ipo. Mfukoni kuna mkojo kidogo mno, nautazama mpaka macho yanauma. Nimelia, ndiyo, mwanaume mzima nimelia mbele ya mke wangu. Ee Mungu, moja tu. Sikuombi mbili.

Nai ameniletea uji, akakaa pembeni yangu, akaniambia kitu alichokuwa ananificha. Jumapili, alipokuwa akimsindikiza getini, mama yake alimshika mkono akamwuliza:

"Mbona hamkunionyesha mkojo wake? Nimetoka Kikatiti nije nione kama unatoka."

Nikageukia ukutani. Uji umepoa hapo hapo.

Kumbe alikuja kwa ajili ya hicho hicho nilichokuwa naficha. Na mimi nikakilalia.

Anakuja tena kesho. Nimemwambia Nai mfuko auning'inize upande wa kiti cha wageni, chini, wazi, bila kitambaa. Aibu nitaimeza. Nitamwamkia mama, nami mwenyewe nitamwambia atazame.

Naomba tu kiwepo cha kutazama.